Moshi wa Kamukuywa na Kuku Niliyemkataa

Jumamosi, tarehe sita mwezi wa tano. Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi ikapumzika, na sasa mchana ukungu umekaa chini hata Mlima Elgon hauonekani kutoka hapa kwangu Kitale. Siku kama hii huwezi kusoma moshi. Nasema hivyo kwa mazoea tu, maana sina tena moshi wa kusoma. Nilistaafu mwezi uliopita.

Nje kuna kuku amefungwa mguu kwenye benchi ya veranda. Si wetu. Aliyemleta yuko jikoni na mke wangu, nawasikia wakicheka, na mimi nimekimbilia hapa mezani na kalamu kwa sababu sijajua kama ni haki nimle huyo kuku. Nikifika mwisho mtaelewa, kama nitakuwa nimeeleza vizuri.

Aliyeniomba niandike ni Madam Chebet, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ofisi. Alisema vijana wanaoanza kazi ya ukaguzi wa hewa wanajua mashine lakini hawajui watu. Nilimwambia mimi niliachia shule kidato cha pili na sina la kuwafundisha wenye digrii. Akasema, "Andika vile unaongea." Nimejaribu hapo awali nikachana. Mkiona mahali nimekosea, sahihisheni bila kuniita.

Nilianza kama kibarua wa kubeba ngazi. Ofisi yetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja Bungoma, nyuma ya ofisi ya afya, na dirisha lake lilikuwa linatazama jiko la kantini, kwa hivyo sisi wa kupambana na moshi ndio tuliokuwa tunaumeza zaidi. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Barasa. Kabla ya hapo alikuwa amekagua bucha na vyoo kwa miaka mingi, na alikuwa akisema moshi ni kupandishwa cheo.

Siku ya kwanza aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa.

"Unaitwa nani?"

"Wanyonyi."

"Wanyonyi, kazi yako ni kushika ngazi na kunyamaza. Ukiweza hayo, mengine nitakufundisha."

Nilishika ngazi. Kunyamaza kulichukua muda zaidi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kadi. Nyinyi mna mashine zinazoandika zenyewe, lakini sisi tulikuwa na kadi ya moshi: karatasi ngumu yenye vivuli vya kijivu, kuanzia cheupe kidogo mpaka cheusi tititi. Unaishika mbele ya jicho, unalinganisha na moshi unaotoka kwenye chimni, unaandika kivuli kinachofanana. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini lazima jua liwe mgongoni, upepo ukupite kwa ubavu, na mbingu nyuma ya moshi iwe safi. Kukiwa na wingu zito, rudi nyumbani, maana utamwonea mtu. Na usisome mvuke. Kiwanda kinachochemsha kitu chochote hutoa wingu jeupe nene ambalo humtisha mgeni, na hilo ni maji tu. Mzee Barasa aliniambia nifuate lile wingu kwa macho mpaka mvuke upotee hewani, na kile kinachobaki baada ya hapo ndicho moshi.

Nilimpenda huyu mzee. Alikuwa na hasira ya karibu, lakini hata siku moja hakumwandikia mtu kosa ambalo hakuliona kwa macho yake. Hapa Kitale tuliwahi kwenda kwenye mashine ya kukaushia mahindi. Majirani walilalamika vumbi la maganda limejaa mpaka kwenye maziwa ya watoto. Tulipofika mashine ilikuwa imezimwa, na vumbi lilikuwa juu ya kila kitu, hata juu ya mbwa. Nikasema, "Si tuandike, mzee? Ushahidi uko hapa juu ya mbwa." Akasema, "Huyo mbwa anaweza kuwa alilala kwa maganda. Tutarudi ikiwa inazunguka." Tukarudi, ilikuwa inazunguka, tukaandika. Wenyewe wakafunga mfuniko na magunia ya kuzuia vumbi, na nafikiri mpaka leo wanayatumia, ingawa sijapita huko hivi karibuni.

Sasa ile kanuni ya chakula. Mzee Barasa alikuwa hali wala hanywi kwa mtu yeyote mwenye kesi. Si kwa mwenye kiwanda, si kwa mlalamishi. Hata maji. "Ukinywa chai yake leo," aliniambia, "kesho utaona moshi wake ni mweupe. Na ukila kwa anayelalamika, utauona mweusi. Beba chako." Kwa hivyo nilibeba changu. Mke wangu, Mama Nafula, alinifungia viazi vitamu kwenye mkebe wa bati, na flaski ya chai, na hivyo ndivyo nilivyokula mpaka nikastaafu.

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua hilo ni jambo gani. Mgeni akifika boma la Bungoma na kukataa kuku aliyechinjwa kwa ajili yake, ni afadhali angetukana. Nimeitwa mwenye maringo. Nimeitwa mwoga wa sumu. Mama mmoja wa Sirisia aliniuliza kwa upole kama nina ugonjwa wa tumbo, akanipa jina la dawa.

Kesi ninayotaka kuwaeleza ni ya kiwanda cha sukari nguru karibu na Kamukuywa. Mzee Barasa alikuwa amestaafu, mimi nimekuwa msaidizi wa ukaguzi, na Chebet alikuwa ameletwa tu, kijana kutoka chuo, na mashine ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Muriithi. Watu wake walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba hapa Kitale zamani, naye akaja upande wa Bungoma kufuata miwa. Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo: mashine ya kukamua, makarai makubwa ya kuchemshia maji ya miwa mpaka yagande, na tanuru chini yake linalowashwa kwa makapi ya miwa yenyewe. Chimni ilikuwa fupi kuliko miti.

Mlalamishi alikuwa Mama Naliaka. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, pale upepo unapoelekea. Mume wake, Mzee Wekesa, alikuwa na kifua kibaya. Moshi ukishuka alikuwa hawezi kulala chini, anakaa kwenye kiti ameshika meza, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Na hapa ndipo kesi ilikuwa ngumu: miwa ya Mama Naliaka mwenyewe, na ya mashemeji zake wote, ilikuwa inaenda kwa Muriithi. Hakuna mwingine wa karibu aliyekuwa anainunua.

Siku ya kwanza nilipofika alinieleza akiwa amesimama mlangoni. "Ukifunga hicho kiwanda, miwa nitapeleka wapi? Na usipofunga, huyu mzee nitampeleka wapi? Mimi sitaki ufunge. Nataka apumue."

Halafu akasema ningoje kidogo. Nilipogeuka, kuku alikuwa tayari kwenye sufuria. Nilimshukuru nikamwambia siwezi kula, ni kanuni ya kazi.

"Umeshiba?"

"Hapana, mama. Ni kanuni tu."

Alifunika sufuria akaingia ndani. Mzee Wekesa alinitazama kutoka kwenye kiti chake kwa huruma, kama mtu anayejua kitakachonipata.

Nilivuka barabara kwa Muriithi. Alikuwa mtu wa adabu, kofia mkononi. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na kando yake kipande cha sukari nguru kwenye sahani.

"Bwana Wanyonyi, chai haina kesi."

"Najua, mzee. Lakini siruhusiwi."

"Huruhusiwi, na nimesikia kuku akilia kwa Mama Naliaka?"

"Alilia. Lakini sikumla."

"Kwa hivyo alikufa bure," akasema Muriithi, akanywa ile chai mwenyewe.

Nilisoma moshi wake siku hiyo jua likiwa kali, mbingu safi kama bakuli. Kivuli kilikuwa cha chini kabisa kwenye kadi. Nikarudi tena, na tena, kila mara nikichagua siku nzuri kama nilivyofundishwa, na kila mara moshi ulikuwa wa kawaida. Niliandika hivyo. Ningeandika nini kingine?

Mkiunganisha hayo mawili mtaona Mama Naliaka aliona nini. Mtu wa serikali amekataa kuku wake, halafu ameandika moshi hauna shida. Alisema kwenye baraza la chifu, mimi nikiwa hapo: "Huyu hakuwa na kanuni. Huyu alikuwa ameshibia kwa Muriithi." Watu wakacheka. Na Muriithi naye, kwa upande wake, alikuwa akiwaambia wafanyakazi kwamba ninarudi-rudi kwa sababu nimelishwa ng'ambo. Kanuni ambayo Mzee Barasa alinipa ili niaminiwe na wote wawili ilifanya nisiaminiwe na yeyote. Nilifikiria kuiacha. Sijui nilikuwa nimefikiria sana kiasi gani, lakini nilifikiria.

Badala yake nilianza kula barabarani. Kati ya lango la Muriithi na boma la Mama Naliaka kulikuwa na kalvati ya saruji, kidaraja cha kupitishia maji chini ya barabara, na saa ya chakula nilikaa hapo juu, nikafungua mkebe, nikala viazi vyangu baridi juani mahali ambapo pande zote mbili zinaniona. Haikuwa hekima kubwa. Nilikuwa nimeudhika tu, nikataka waone ninachokula. Wapakiaji wa miwa walikuwa wakipiga kelele kutoka juu ya trela, "Mtu wa Moshi, leo ni nini?" Nainua kiazi. "Bado ni hicho tu, bana?"

Nilikuwa nimekaa hapo siku moja Mama Naliaka akaja na kiti chake kidogo, akakiweka upande ule mwingine wa kalvati, akakaa. Alinitazama nikitafuna mpaka nikaona aibu.

"Kila siku ni viazi?"

"Kila siku, mama."

"Na bibi uko naye?"

"Niko naye. Ndiye anapika."

Akatikisa kichwa. Halafu akasema jambo ambalo nataka mlikumbuke kuliko yote niliyoandika hapa. "Nyinyi watu wa ofisi, mbona mnakuja siku ya jua peke yake? Njooni mvua ikiisha kunyesha."

Sikuelewa. Akanielekeza kwa kidole yale makapi ya Muriithi, lundo kubwa lililokaa nje bila paa. Mvua ikinyesha, yanalowa. Yakilowa, moto hauwaki. Na makarai yakipoa, maji ya miwa yanaharibika, kwa hivyo wanatia tairi kuukuu kwenye tanuru kuinua moto. "Huo ndio moshi wa mzee wangu," akasema. "Unakuja siku ambayo nyinyi mko kwenu."

Nilibaki na kiazi mkononi. Kadi inataka mbingu safi. Mbingu ikiwa safi, makapi ni makavu, na moshi ni mzuri. Tulikuwa tumepima siku njema tu za kile kiwanda, na tulikuwa tumefanya hivyo kwa uangalifu sana. Nilipomweleza Chebet nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Alifikiri kidogo akasema, "Pampu haihitaji jua."

Pampu ndiyo ile mashine aliyokuja nayo. Inanyonya hewa kupitia karatasi nyeupe ya kuchujia, na uchafu unabaki kwenye karatasi. Mimi nilikuwa siipendi kwa sababu ilikuwa nzito na ngazi nilikuwa bado nabeba. Tulingoja mvua. Ilipokatika tulienda, tukaiweka kwa ruhusa ya Mama Naliaka chini ya dirisha la Mzee Wekesa. Chimni ya Muriithi ilikuwa inatoa kitu cheusi kinachotambaa chini badala ya kupanda. Chebet alipoifungua pampu, karatasi ilikuwa nyeusi na yenye mafuta, na ilinuka mpira ulioungua. Sikuhitaji kadi. Kutoka ndani tulisikia Mzee Wekesa akivuta pumzi.

Chebet aliandika amri siku iyo hiyo: tairi marufuku, tanuru lizimwe mpaka makapi yajengewe paa na chimni ipandishwe juu ya miti. Ilikuwa amri ya haki. Lakini tanuru lilipozimwa, miwa iliyokuwa imeshakatwa ilianza kukauka mashambani, na watu hawakumkasirikia Chebet wala mimi. Walimkasirikia Mama Naliaka. Kwenye posho mill, pale pa kusagia mahindi, wanawake walikuwa wakimpisha kwenye foleni bila kumsalimia. Shemeji yake alisimama kwenye baraza akamwambia, "Huo moshi ndio umekusomeshea watoto."

Akamjibu bila kusimama. "Umewasomesha, ndiyo. Sasa unataka uwazikie baba."

Nilikuwa nimekaa nyuma, na nakiri nilimwangalia Muriithi nikidhani atatumia nafasi hiyo kuwatupia lawama vijana wa tanuru. Alisimama na kofia mkononi. "Tairi ziliingia nikiona," akasema. "Sikuagiza, lakini sikukataza. Niliangalia kando. Mama Naliaka hajasema uongo." Halafu akasema ana mabati ya paa, lakini miti ya kujengea hana, na akiingoja itoke mbali miwa yote itakauka.

Kila mtu alijua nani ana miti. Mikaratusi ya Mama Naliaka ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba yake, mirefu, alikuwa akiitunzia kujengea kijana wake. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Si uko na shoka? Kesho uje nalo."

Walijenga lile banda wenyewe, wenye miwa na wenye kiwanda pamoja, na mimi sikusaidia hata kubeba boriti moja, maana ingekuwa kuingilia. Nilikaa kwenye kalvati. Chimni ilipandishwa. Msimu ule wa mvua tulirudi na pampu mara nyingi. Karatasi haikutoka nyeupe kama mpya, sitawadanganya, lakini ilikuwa ya kijivu hafifu, na harufu ya mpira iliisha. Mara moja nilimkuta Mama Naliaka anaanika nguo upande wa barabara, upande ambao alikuwa ameuacha kwa sababu ya masizi. Akaniambia Mzee Wekesa analala kitandani sasa. "Analala mpaka anakoroma," akasema, kama mtu anayelalamika.

Mzee Wekesa aliishi miaka mizuri baada ya hapo. Alipofariki ilikuwa kwa jambo lingine, na siwezi kusema moshi wa zamani ulihusika au haukuhusika, sijasoma hayo. Nilienda kwenye matanga na flaski yangu. Kiwanda kilikuwa bado chini ya ukaguzi wetu. Sijui kama nilifanya sawa.

Nashukuru. Nikiangalia nyuma naona nimefundishwa na watu wengi kuliko niliostahili: Mzee Barasa na kadi yake, Chebet na pampu yake, Muriithi na ile kofia mkononi. Kuna chimni nyingine ambazo hatukuziweza na kuna nyumba ambazo bado zinakohoa, na hizo ni zenu sasa. Nendeni siku ya jua, na mwende siku ya mvua pia.

Naendelea jioni. Niliitwa jikoni nikaacha kalamu. Mama Naliaka, maana ndiye mgeni wetu, alikuwa amesikia nimestaafu akapanda gari kutoka Kamukuywa na kuku kwapani. Muriithi, ambaye magoti hayamruhusu kusafiri, amemtuma na sukari nguru iliyofungwa kwa majani makavu ya migomba. Nilisimama hapo nikiangalia vyote viwili.

Mama Nafula akaniuliza, "Sasa wewe uko na kesi gani na huyu mama?"

"Sina."

"Na huko kwa Muriithi?"

"Sina tena."

"Basi mfungue huyo kuku kwa benchi yangu."

Mama Naliaka akasema, "Yule wa kwanza ulimwacha kwenye sufuria, akaliwa na wengine. Huyu ni kitukuu chake." Nikachinja.

Chakula kilipoiva tukamkaribisha mezani. Akakataa. Akavuta kiti chake mpaka karibu na mlango, akafungua mfuko, akatoa mkebe wa bati, na ndani yake viazi vitamu baridi. "Mimi sili kwa watu wa serikali," akasema, akaanza kutafuna polepole huku ananitazama usoni. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikaa na sahani mbele yangu, sijui niweke mikono wapi, na nikajua kwa mara ya kwanza ni nini nilichokuwa nawafanyia watu miaka hiyo yote. Alinikawiza hivyo mpaka akatosheka, halafu akaja akakaa.

Tumekula kuku na ugali wa wimbi, na imondo, ile firigisi ya mwenye nyumba, nimepewa mimi. Chai tumekoroga kwa sukari nguru ya Muriithi. Viazi vya Mama Naliaka navyo tumevila, vimegawanywa sawasawa.